Jambo la Figo Zako Nililoachiwa Nikuambie

Mwanangu Deo,

Barua njema huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Hali yako naijua kuliko unavyoijua wewe, na hilo ndilo kosa linalonifanya nishike kalamu mchana huu, wakati umekwenda Lipangalala kumuaga shangazi yako.

Kesho alfajiri utapanda basi kwenda chuo. Sitakuandikia habari za kula, wala za marafiki, wala za kuamka mapema. Hayo nimeyasema kwa miaka ishirini, na kama hayakuingia, karatasi haitayaingiza.

Jumapili tulipokuwa mezani, shangazi yako alikuuliza utawezaje kubeba dawa zote zile hadi Dodoma kila muhula. Ukacheka. Ukasema, "Shangazi, hizi zinaelekea kuisha. Nikifika mwaka wa pili nitakuwa nimeshaachana nazo." Shangazi akapiga kigelegele. Baba yako akasema, "Amina." Mimi niliinuka kwenda kuleta maji, na maji yalikuwa tayari mezani.

Deo, hutaachana nazo. Ukiziacha, figo zako zitaharibika haraka, na hutasikia maumivu yoyote ya kukuonya. Unaamini kwamba unapona, na ni mimi niliyekufanya uamini hivyo. Nataka uelewe jinsi nilivyofika hapo, kwa sababu sikufika kwa siku moja.

Ulikuwa darasa la tano. Tulikuwa tumerudi kutoka Idete na mavuno. Unayajua maisha yetu: baba yako huhamia shambani tangu mvua za kwanza na kulala kwenye dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, na wewe na binamu zako mlikuwa mkimfuata kila likizo kuamia ndege wasile mpunga, mkirudi mjini mmekonda, mmebaki macho. Kisha mchele mpya huingia ndani, na kwa muda wa mwezi mmoja watoto wote wa bonde hili hujaa mashavu. Kila mtu hulisubiri jambo hilo. Kwa hiyo uso wako ulipoanza kujaa, hakuna aliyeshtuka.

Shangazi yako alikushika kidevu, akakugeuza huku na huku kama anayekagua papai sokoni. "Wifi, tazama mashavu haya! Mchele mpya umemkubali mwanao. Wangu wanakula sahani mbili na bado ni vijiti."

Nilijivuna. Wewe ulikuwa mtoto wangu wa pekee, nilikupata nikiwa na miaka arobaini, na siku zote ulikuwa mwembamba. Nilipita nawe kanisani Jumapili ile kwa mwendo wa polepole ili watu wakuone. Uliponiambia kwamba viatu vinakubana jioni, nilikujibu, "Unakua. Vaa." Niliona alama ya soksi imezama katika mguu wako, nikasema soksi za siku hizi zina mpira mkali. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Hiyo ni tabia mbaya ya kazi yangu: mtu akisimama mbele ya darasa kwa miaka thelathini, hufika mahali akaona aibu kusema hajui.

Siku chache baadaye ulinifuata nyuma ya nyumba, ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba mkojo wako umekuwa kama chai ya rangi. Sikukuuliza tangu lini, wala kama unaumwa. Nilikuuliza, "Umecheza mferejini kule Katindiuka?" Ukasema ndiyo, mara moja. Hapo kesi ikaisha. Mkojo ukibadilika rangi katika bonde hili, kila mama hujua ni kichocho, na kila mama hujua kosa ni la mtoto. Nilikupa daftari uandike mara mia moja, "Sitacheza tena katika maji yaliyokatazwa." Ulipofika mstari wa sitini uliomba kupumzika, ukanionyesha vidole. Vilikuwa vimevimba. Nilidhani umevifikicha makusudi. Ukamaliza mia moja.

Daftari lile ninalo. Sijawahi kukuambia kwamba ninalo. Ukitazama mistari ya mwisho, utaona herufi zinavyotambaa nje ya mstari, na kwamba hukukosea tahajia hata mara moja.

Tabibu wa kituo cha afya alikupa dawa ya kichocho. Tulikuwa tumefika mlangoni alipotuita turudi, akakufunga mkanda wa kupimia presha. Akapima. Akafungua, akapima tena, kisha akanitazama. "Mwalimu, mtoto huyu ana presha ya babu yake." Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kuogopa. Unaweza kuhesabu mwenyewe: ni karibu mwezi mzima tangu shangazi aliposifia mashavu yako.

Mengine unayakumbuka. Dar es Salaam, wodi yenye watoto wadogo kuliko wewe, sindano ya mgongoni iliyochukua kipande cha figo chembamba kama uzi. Ulilala kifudifudi ukaniomba nikushike mguu, si mkono, kwa sababu mkono ulikuwa unautumia kujiuma. Kisha daktari akatuita sisi wawili, mimi na baba yako, kutueleza. Akasema ugonjwa wenyewe ni nadra, huwapata zaidi watoto na vijana, na jina lake ni herufi moja na tarakimu moja, kama mkondo wa darasa: C3. Akasema hauambukizi, na haukutokana na mfereji wala chakula wala jicho la mtu. Ni kinga ya mwili wenyewe. Ndani ya damu kuna walinzi wanaoamka vijidudu vinapoingia, na vikiisha hutulia. Wako hawatulii. Wanaendelea kupiga, na wanachokipiga ni vichujio vya figo.

Mimi nilikuwa naandika. Baba yako alikuwa amekaa na kofia magotini. Akasema, "Daktari, kwa hiyo ni kama mtu wa kuamia ndege. Ndege wameshaondoka, yeye bado anarusha kombeo, anaangusha mpunga wake mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mzee, nimesoma miaka kumi na moja, na sijawahi kueleza vizuri hivyo."

"Basi na mimi nipewe koti jeupe," alisema baba yako. Alikuwa analia wakati anasema hivyo. Wewe hukuliona hilo, ulikuwa wodini.

Sasa nafika kwenye kosa langu la kwanza kubwa. Yale ya mwanzo yalikuwa ya kutojua, na kutojua husameheka. Hili nililifanya nikijua kila kitu.

Tulirudi nyumbani na kopo la vijiti vya kupimia mkojo. Kila asubuhi uliniletea kikombe, nikachovya kijiti, nikalinganisha rangi na picha zilizo ubavuni mwa kopo. Alama za jumlisha zikiwa nyingi, protini nyingi inapotea. Nilifungua daftari, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, matokeo, maoni. Unakumbuka ile safu ya maoni? Hakuna aliyeniambia niiweke. Kijiti kikitoka kisafi, nilipiga vema kwa kalamu nyekundu na kuandika "Vizuri." Kikitoka alama moja niliandika "Unaweza zaidi." Siku ya alama tatu niliandika "Jitahidi."

Jitahidi, Deo. Nilimwandikia mtoto wa miaka kumi na miwili ajitahidi katika mkojo wake.

Na uso wangu ulikuwa unasema zaidi ya kalamu. Ukiwa na matokeo mabaya, sikukugombeza. Nilinyamaza tu, nikafunga daftari kwa nguvu kidogo, na chai siku hiyo ilinywewa bila mazungumzo. Ulikuwa unaingia sebuleni na kikombe chako ukisema, "Shikamoo, Mwalimu." Nyumbani siku zote uliniita Mama. Mwalimu ilikuwa ya shuleni. Sikuliona badiliko hilo. Niliitika marahaba, nikanyoosha mkono.

Kisha ukaanza kufaulu. Muhula mzima, vema juu ya vema. Nilimwonyesha baba yako daftari aliporudi kuchukua mbegu. Nilimwonyesha hata shangazi. Nilisema ni nidhamu. Uso wako ulikuwa umejaa, lakini vidonge ulivyoanzishiwa na daktari vilikuwa vinajaza uso hata kwa aliye mzima, na wewe ulikuwa umeanza kuvaa soksi ndefu hata ndani ya nyumba. Nilikusifu kwa unadhifu.

Asubuhi moja nilipokea kikombe na kikombe kilikuwa baridi.

Nilikishika kwa mikono miwili kwa muda. Mkojo uliotoka sasa hivi huwa na joto. Nilikutazama, na wewe ukatazama mtungi wa maji ulio kwenye kona ya ukumbi, na nikaelewa yote kwa mara moja: maji ya mtungi ndani ya mkojo, kikombe kwa kikombe, muhula mzima.

Nilikuita mwongo. Nilikushika bega nikakutikisa, nikasema unataka kujiua na kuniua na mimi. Wewe hukulia. Ulisema, "Mwalimu, nilitaka unipigie vema."

Nimesikia maneno mengi ya wanafunzi katika maisha yangu. Hilo sijapata mahali pa kuliweka.

Baba yako alikuja siku iyo hiyo kutoka Idete, nami nikamweleza, nikitarajia akukemee. Alisikiliza hadi mwisho. "Mama Deo, ulikuwa unasahihisha mkojo wa mtoto? Kwa kalamu nyekundu?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Hata mimi ungekuwa unanipima, ningetia maji. Ningetia ndoo." Akakubeba kwenye baiskeli, japo ulikuwa mkubwa na umejaa maji, akakupeleka hospitali. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu. Hakunisubiri, na alikuwa na haki.

Vipimo vya damu vilionyesha kwamba sehemu ya figo zako imekuwa kovu, na kovu halirudi kuwa figo. Daktari hakunilaumu. Alisema ugonjwa huu huweza kwenda hivyo hata kwa watoto wanaopimwa vizuri kila siku, na hakuna anayeweza kusema ni kiasi gani kiliharibika kwa sababu ya ule muhula. Maneno hayo nimeyashika sana. Siku nyingine nayaamini.

Baada ya hapo nilikukabidhi kopo na daftari, ukapima mwenyewe, na ukaniambia matokeo ulipotaka. Nilidhani nimejifunza.

Miaka mitatu iliyopita, kliniki, daktari alikutuma dirisha la dawa. Ulipotoka akavuta kiti chake karibu nami. Akasema, "Mwalimu, Deo ana miaka kumi na saba. Nataka nimwambie mwenyewe figo zake zilipofika."

Nikamwambia, "Ana mtihani wa kidato cha nne. Niachie mimi."

"Utamwambia lini?"

"Baada ya mtihani."

"Nakuachia. Lakini asiondoke nyumbani kwenu bila kujua. Vijana wakienda mbali wakidhani wamepona, huacha dawa, na wanaturudia wakiwa wamechelewa."

Ulirudi na mfuko wako, ukauliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema uendelee hivyohivyo." Ukafurahi. Ulinunua miwa stendi, ukanimenyea.

Baada ya mtihani nilisubiri matokeo. Baada ya matokeo ukaenda kidato cha tano, nikasema usianze shule mpya na habari nzito. Mbele yako palikuwa na kitu kila wakati. Tulipokwenda kliniki, daktari alikuuliza, "Mama amekueleza mambo yote?" Ukajibu, "Ndiyo, daktari," ukidhani anauliza habari za vidonge, na mimi nilikaa pembeni nikatazama sakafu. Nilikuita mwongo kwa kosa hili hili, nawe ulikuwa mtoto aliyelifanya kwa kuniogopa. Mimi ni mtu mzima na sikuwa namwogopa yeyote. Niliogopa tu kuuona uso wako ukibadilika.

Sasa nayaandika aliyoyasema, bila kupunguza.

Figo zako zinafanya kazi chini ya nusu. Dawa haziuponyi ugonjwa. Zinaupunguza mwendo, na zimefanya kazi hiyo vizuri. Unaweza kukaa hivi miaka mingi. Hakuna anayejua mingapi. Huenda siku moja figo zikashindwa, na hapo utahitaji mashine ya kusafisha damu, au figo ya mtu mwingine. Na ugonjwa huu una tabia ya kuirudia hata figo mpya, kwa sababu walinzi wale ni wale wale. Alisema pia kwamba kuna dawa mpya zinazowalenga hao walinzi hasa, na nchi nyingine zimeanza kuzitumia. Hakuniahidi kwamba zitakufikia, nami siwezi kukuahidi. Alisema ana wagonjwa wa aina yako wanaofanya kazi, wameoa, wana watoto. Hilo alilisema mwisho, na ndilo nililotamani kukuambia peke yake.

Asubuhi hii nilimweleza baba yako. Alikuwa anashona magunia. Yeye pia nilimficha, maana hajui kuficha kitu mbele yako.

"Miaka mitatu?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na mimi Jumapili nikasema Amina."

"Ndiyo."

Alishona gunia lile hadi likaisha. Kisha akasema, "Mwambie leo. Usimpe barua stendi kama mtu anayekimbia mvua. Na usiiandike kama waraka wa mkuu wa shule." Akachukua gunia lingine. "Wakifika hapo pa kumtafutia figo, waanze na zangu. Zako hapana, zitakuwa zinamsahihisha kutoka ndani."

Nilicheka, Deo, katika habari hiyo. Sikujua kwamba inawezekana.

Kwa hiyo unaona hali yangu. Mtu mwenye makosa haya hana daraja la kushauri. Nitasema tu nilichokiona. Miaka yote nilidhani kumpenda mtoto ni kumwondolea makosa, moja baada ya jingine, mpaka abaki safi. Kumbe mtoto hupeleka habari mbaya kwa yule ambaye uso wake unaweza kuipokea, na wangu haukuweza. Nilikuwa na mtoto mwenye ugonjwa usio na sauti, nami nikamfanya awe hana sauti yeye pia.

Asubuhi moja huko Dodoma utaamka na macho yamejaa, au povu limezidi kwenye mkojo. Sikuombi unipigie mimi kwanza. Mwambie anayelala kitanda cha jirani. Mweleze ugonjwa wako mapema, ukiwa mzima, kwa ule mfano wa baba yako wa ndege na kombeo. Kijana yeyote ataelewa. Halafu nenda hospitali. Mimi nipigie ukiwa na nafasi, na ukinipigia na habari mbaya, nitauliza unaendeleaje na nitasikiliza. Nimefanya mazoezi. Unaweza kucheka, lakini nimeyafanya mbele ya kioo.

Ukiona, baada ya kuyajua haya, kwamba kazi ya kupima ardhi porini unayokwenda kuisomea si ya mtu wa figo zako, ni wewe wa kuamua, ukishauriana na daktari. Ukiona kwamba ndiyo hiyo hiyo unayoitaka, nenda nayo. Nilikunyima miaka mitatu ya kufikiri jambo hilo. Siwezi kukurudishia. Naweza tu kutokuongezea siku moja.

Nakupenda, baba yangu. Neno hili katika lugha yetu ya nyumbani halisemwi hivi hivi, nami sikulelewa kulisema. Nimelisema kwa maandishi kwanza ili nizoee.

Ukirudi kutoka Lipangalala nitakupa barua hii mkononi. Isome chumbani kwako, polepole. Baba yako amesema atakwenda kwa jirani, atuachie nyumba. Mimi nitakuwa uani, na nimeweka viti viwili. Jua litakuwa bado liko juu. Tutakuwa na saa nyingi kabla ya basi. Ukiwa na maswali, njoo nayo, na nisilolijua nitasema silijui. Ukiwa na hasira, njoo nayo. Ukiwa huna neno lolote, njoo hivyohivyo, ukae.

Mama